Mwanagenzi na Fundi Wake: Somo kwa Vijana Watafutao Kazi na kwa Wazazi Wao

Mkulima wa Bariadi akitaka kujua kama kijana ajua kulima, hamwulizi amesoma vitabu vingapi vya kilimo. Humpa jembe, humwonyesha tuta, kisha husimama kando akamtazama. Punde jibu hupatikana, wala hapana haja ya maneno mengi.

Wakuu wa ofisi na wenye viwanda nao hufanya vivyo hivyo. Kijana aletapo cheti chake hukipokea kwa heshima, hukisoma, halafu huuliza swali moja tu: “Kazi hii umewahi kuifanya wapi?” Hapo vijana wengi hunyamaza.

Ukimya huo wagharimu sana nyumba nyingi. Ada ya chuo ililipwa kwa pamba ya misimu kadhaa, na pengine ng’ombe walitoka zizini wasirudi. Sasa kijana yuko nyumbani na cheti chake kimo ndani ya bahasha. Miezi yapita. Baba hasemi kitu, lakini macho yake yauliza. Mama amtetea mbele ya majirani. Kijana mwenyewe aanza kukwepa mikutano ya ukoo, maana kila amwonaye humwuliza kama amekwisha pata kazi. Mwishowe mzazi asema elimu haina faida. Kijana asema nchi haina kazi. Mwajiri naye asema vijana wa siku hizi hawajui kitu. Kila mmoja ana sehemu yake ya kweli, lakini hakuna kati yao amalizaye shauri.

Sisi twaona kwamba shauri hili lina mlango. Kijana na atafute mwalimu wa kazi kabla ya kutafuta mshahara. Aanze kumtafuta angali chuoni. Tena aanze karibu na kwao. Lakini twaongeza upesi kwamba mzigo huu si wa kijana peke yake. Mzazi ana fungu lake, na fundi au mwajiri ana lake. Wakiachiana, kijana huanguka katikati.

1. Majina na maana yake

Watu huyachanganya majina, basi na tuyapange kwanza.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, ni yale ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Chuo humtoa kwa majuma kadhaa, akakae mahali pa kazi, kisha arudi na taarifa. Mara nyingi mafunzo haya ni sharti la kumaliza masomo.

Utarajali ni wa mtu aliyekwisha hitimu. Daktari amalizapo chuo hufanya mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Wahandisi nao, tangu mwaka 2003, wana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ambao humlea mhitimu kwa muda wa miaka mitatu. Kwa fani nyinginezo Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka 2017, nao wataja muda wa miezi 6 hadi 12.

Uanagenzi ni jina la zamani sana katika lugha yetu. Mwanagenzi ni mtu mgeni katika kazi, akaaye kwa fundi mpaka mikono yake izoee. Siku hizi neno hili lina nafasi katika miongozo ya Serikali pia: mwanagenzi hujifunza sehemu darasani, kama vile katika chuo cha VETA, na sehemu kubwa kiwandani au karakanani. Ujerumani imejenga viwanda vyake kwa njia hiyo. Huko kijana hugawa juma lake baina ya shule na mahali pa kazi, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, chini ya mkataba ulioandikwa.

Mwisho kuna kujitolea, ambako mtu huomba tu afanye kazi ili ajifunze. Njia hii yaweza kuwa njema, nayo yaweza kuwa mtego. Tutaieleza mbele.

2. Mfano kutoka nchi ya pamba

Wengine hudhani mambo haya yameletwa juzi. Na tumtazame mtu mmoja ambaye wazee wa Usukumani bado wamkumbuka.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925. Kabla jina lake halijajulikana, alikuwa kijana wa madaftari ya hesabu. Tangu mwaka 1945 hadi 1947 alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson, huko Mwadui, Shinyanga. Haikuwa kazi ya kutangazwa. Ilikuwa kazi ya kuandika tarakimu, kujumlisha, na kuona kosa kabla halijawa hasara. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza.

Wakati huo wakulima wa pamba walikuwa na kilio kikubwa: walipunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Basi katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma mizani na kuandika uzito bila kupotoshwa. Kutokana na mwanzo mdogo kama huo vyama vya wakulima vikaenea. Bomani alikuwa miongoni mwa waliovijenga. Alikwenda pia kusoma mambo ya ushirika Uingereza, huko Loughborough. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililopata kuwa miongoni mwa makubwa ya ushirika barani Afrika, likamiliki hata mashine za kuchambua pamba. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Hatusemi kwamba kila akaaye kwenye daftari la hesabu atakuwa Waziri. Twasema neno dogo zaidi, nalo lamfaa kila mtu. Alipokwenda darasani Uingereza, tayari alikuwa ameona kwa macho yake jinsi hesabu inavyomfaa mtu na jinsi inavyomdhulumu. Darasa lilimkuta na maswali. Kijana wa leo apelekaye maswali ya kweli chuoni hujifunza mara mbili ya yule apelekaye kalamu tu. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

3. Mahali pa kutafuta katika Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukakatwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1. Hata hivyo wanafunzi wake wengi, wafikapo wakati wa fildi, huwaza Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam tu. Huko hukutana na maelfu ya wenzao, ofisi zimejaa, chumba ni cha kupanga, na chakula ni cha kununua kila siku.

Kijana wa Simiyu na afungue macho kwanza hapo alipo.

Mwanafunzi wa hesabu, wa biashara au wa kilimo ana pamba mlangoni pake. Simiyu ni kati ya mikoa iongozayo kwa zao hilo. Kwa kawaida msimu wa kununua hufunguliwa mwezi wa Mei. Wakulima hupeleka pamba kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hapo hupimwa, hutengwa pamba safi na fifi, stakabadhi huandikwa, na malipo hufuata. Kisha pamba huenda viwandani kutenganishwa nyuzi na mbegu. Nyuzi hufungwa marobota, mbegu huenda kukamuliwa mafuta. Katika safari hiyo moja kuna kazi ya mhasibu, ya mtunza ghala, ya mpimaji ubora, ya fundi mitambo, ya fundi umeme na ya dereva. Tena msimu huo waangukia karibu kabisa na likizo ndefu ya vyuo vikuu, ambapo wanafunzi hupewa nafasi ya fildi. Ni bahati ambayo mwanafunzi wa mji mkubwa hana.

Mwanafunzi wa afya ana hospitali ya mkoa na hospitali za wilaya, pamoja na vituo vya afya vya kata. Mwanafunzi wa ualimu ana shule kila upande. Mwenye kusomea utawala, mipango, sheria au maendeleo ya jamii ana halmashauri, mahakama na ofisi za kata. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji au wa ujenzi na aulize habari za mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa huu. Wale wa upande wa Maswa wana reli: njia ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928 hupita Malampaka, na ujenzi wa reli mpya ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa mwaka 2021.

Wala tusisahau kazi zisizo na bango kubwa. Baada ya mwaka 2015 vijana wa Maswa walijulikana nchini kwa kutengeneza chaki, na wa Meatu kwa kusindika maziwa. Mji wa Bariadi una karakana za seremala, za kuchomelea vyuma, za kutengeneza pikipiki na matrekta, mashine za kukoboa mpunga, maduka ya pembejeo na ya dawa za mifugo. Mwanafunzi wa biashara akikaa miezi miwili katika duka la pembejeo, akaona mkulima akopavyo na alipavyo, atajua jambo ambalo wakubwa wengi wa benki hawalijui.

Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kuwalea wenye viwanda vidogo, nalo lawajua mafundi wengi. Katika viwanja vya Nyakabindi, ambako sherehe za Nane Nane za kitaifa zilifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020, kijana ahudhuriaye maonyesho asiridhike kutazama tu. Na aingie kila banda, aulize nani huwapokea wanafunzi, na aandike jina la ofisi katika daftari lake.

4. Namna ya kuomba

Kosa la kwanza ni kuchelewa. Wengi huanza kuomba mwezi uleule wa kuanza fildi, wakati ambapo nafasi zimekwisha gawanywa. Yafaa barua ifike angalau miezi mitatu kabla. Kwa mtu atakaye nafasi ya mwezi wa Julai, na aombe kabla pamba haijaanza kuvunwa. Msimu ukisha pamba moto, meneja hana nafasi ya kusoma barua.

Kosa la pili ni barua isiyosema kitu. Kijana huandika: “Naomba nafasi yoyote katika ofisi yako tukufu.” Asomaye hajui ampeleke wapi. Mtu aombaye nafasi yoyote hupewa kazi yoyote, na mara nyingi kazi hiyo ni kukaa. Tazama barua kama hii:

“Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Naomba kujifunza katika kiwanda chenu kwa majuma manane, kuanzia katikati ya mwezi wa Julai. Nataka hasa kujifunza jinsi mnavyopokea pamba kutoka vyama vya msingi, jinsi uzito wa stakabadhi unavyolinganishwa na uzito wa kiwandani, na jinsi malipo yanavyoandikwa. Najua kutumia kompyuta kwa kazi ya majedwali ya hesabu. Nitakaa kwa shangazi yangu hapa mjini, hivyo sitahitaji malazi. Naambatanisha barua ya utambulisho ya chuo. Nitafika ofisini kwenu Jumatatu ijayo kusikiliza jibu.”

Barua hiyo ni fupi, lakini imejibu maswali yote ya meneja: nani, lini, nini, atakaa wapi. Barua ya halmashauri huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji. Barua ya kiwanda kwa meneja. Kwa fundi wa karakana, kwenda mwenyewe asubuhi na mapema, ukiwa umevaa nguo za kazi, ni bora kuliko barua.

Kosa la tatu ni kukata tamaa kwa jibu la kwanza. Peleka barua mahali pasipopungua patano. Aliyekwambia hapana nafasi, mshukuru, kisha mwulize kama amjua mwingine apokeaye wanafunzi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kwa waliokwisha hitimu, yafaa pia wajiandikishe katika huduma za ajira za Serikali, zilizo chini ya ofisi yenye dhamana ya kazi na ajira, na wafuatilie matangazo ya utarajali na ya mafunzo ya uanagenzi ambayo hutolewa mara kwa mara.

5. Ukisha pata nafasi

Siku ya kwanza mwanagenzi aulize mambo manne: msimamizi wangu ni nani, kazi zangu ni zipi, saa za kazi ni zipi, na nikiumia kazini ni nani atakayenitibu. Majibu yaandikwe, hata ikiwa ni katika nusu ukurasa wenye sahihi mbili. Maandishi hayo si dalili ya kutoaminiana. Huwalinda wote wawili.

Tena awe na daftari lake mwenyewe, mbali na lile la chuo. Kila jioni aandike mambo matatu: nilichofanya leo, nilipokosea, na nilichouliza. Kwa mfano: “Leo nimesaidia kupokea mzigo wa chama kimoja. Uzito wa kiwandani ulikuwa pungufu ya uzito wa stakabadhi. Nilidhani ni wizi. Msimamizi akanieleza kwamba pamba iliyopimwa kijijini ikiwa na unyevu hupungua uzito ikaukapo, akanionyesha jinsi tofauti hiyo inavyoandikwa, na kiasi gani kikizidi ndipo tuanze kuuliza.” Kijana mwenye kurasa arobaini za namna hiyo, akiulizwa siku ya mahojiano amewahi kufanya kazi wapi, hatanyamaza. Atakuwa na habari ya kusema, na mwenye kazi yake ataitambua.

Awahi kufika. Asichague kazi za mwanzo kwa dharau, maana mchagua jembe si mkulima. Siri za ofisi na za wagonjwa zisitoke nje, wala zisipigwe picha kwa simu. Na siku ya mwisho aombe barua itajayo kazi alizofanya, si ile isemayo tu kwamba “alikuwa na tabia njema.”

6. Fungu la mzazi

Wazazi wengi hutenga ada, lakini hawatengi nauli ya fildi. Hili ndilo jiwe linalowaangusha watoto wa maskini. Mwanafunzi apewa nafasi njema, kisha aiacha katika juma la tatu kwa kuwa hana nauli wala chakula cha mchana, na aona haya kusema. Mwanafunzi aliyepata mkopo wa Serikali aulize mapema kama limo fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo, mzazi wake na ahesabu pamoja naye mwanzoni mwa mwaka: nauli ya siku moja, mara siku za majuma manane, chakula, nguo na viatu vya kazi. Kiasi hicho kikijulikana mwezi wa Januari, chaweza kuwekwa kidogo kidogo. Kikijulikana mwezi wa Julai, huwa msiba. Hapa tena yaonekana faida ya kujifunza karibu. Kijana wa Dutwa ajifunzaye Bariadi mjini hulala kwao au kwa ndugu, na nusu ya gharama imekwisha ondoka.

Pia mzazi asidharau karakana. Wako wanaoona fahari mtoto akikaa ofisini bila kazi, na aibu mtoto akirudi na mafuta ya mashine mikononi. Ni kinyume cha mambo. Na binti asizuiwe kwenda kiwandani au gereji kwa kuwa ni binti. Wala asitwishwe kazi zote za nyumbani jioni, kana kwamba alikuwa amepumzika mchana kutwa.

Ikiwa mtoto bado ni mdogo, mzazi na fundi wote wakumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumweka aliye chini ya miaka 18 penye kazi ya hatari. Kumpeleka mtoto wa shule akavunje mawe, kisha kuita jambo hilo mafunzo, ni kumwibia.

7. Fungu la fundi na la mwajiri

Sasa twasema na wenye kazi, na kwa heshima twasema wazi. Mwanagenzi si tarishi wa bure. Ukimpokea kijana, ukamtuma chai asubuhi na vocha mchana kwa majuma manane, umemrudisha kwao mtupu, na chuo kitadhani amejifunza. Bora kumkataa kuliko kumpotezea wakati.

Umpe mtu wa kumfuata, kazi inayoonekana mwisho wake, na ruhusa ya kuuliza. Ikiwa kazi yake yakuingizia faida, ni haki apate walau nauli na chakula. Kumweka mhitimu mwaka wa kwanza na wa pili kwa jina la kujitolea, akifanya kazi kamili ya mtu wa mshahara, kwa ahadi isiyoandikwa kwamba “nafasi itatoka,” si mafunzo tena. Kijana naye ajiwekee mpaka: baada ya miezi sita bila posho, bila jambo jipya la kujifunza na bila maandishi, na ashukuru, achukue barua yake, aende zake.

Yako maovu mawili ambayo ni lazima yatajwe. La kwanza ni watu wauzao nafasi. Hupiga simu, hutaja ofisi kubwa, huomba “fedha ya fomu” au “ya kumwona mkubwa.” Nafasi ya kweli haiuzwi hivyo. Usitume hata shilingi. Nenda ofisini kwenyewe, ukaulize mapokezi. La pili ni wakubwa wadaio mwili wa kijana kuwa bei ya nafasi, ya sahihi au ya alama. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yataja jambo hilo kuwa ni kosa la jinai. TAKUKURU hupokea habari kwa simu ya bure namba 113. Binti aletaye neno kama hilo nyumbani asikemewe wala asiulizwe alikuwa amevaaje. Asikilizwe, aandikiwe tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha apelekwe panapohusika na mtu mzima amwaminiye.

8. Na yule asiye na mjomba ofisini?

Hapana shaka msomaji fulani anasema: “Haya yote ni mazuri kwa mwenye kujulikana. Nafasi hupewa watoto wa wakubwa.” Hatuwezi kukana kwamba hutokea. Mtoto wa ofisa hupata nafasi kwa neno moja la mezani, na mtoto wa mkulima wa Meatu huzunguka na bahasha mpaka soli za viatu zikaisha. Ni udhalimu, na dawa yake ya kudumu ni ofisi kutangaza nafasi zao hadharani na kuchagua kwa haki.

Lakini hata leo wako watu wawezao kuwa ndugu wa asiye na ndugu. Mwalimu wa zamani aweza kuandika barua ya kumsema vizuri mwanafunzi amjuaye. Katibu wa chama cha msingi aweza kumpokea kijana wa kijiji chake aliyesomea hesabu, akamwacha apange stakabadhi za msimu mzima. Mtendaji wa kata aweza kubandika ukutani orodha ya mafundi na ofisi zinazopokea wanafunzi. Aliyepata nafasi mwaka jana aweza kumwonyesha njia anayeitafuta mwaka huu. Mambo haya hayahitaji bajeti.

Na yule aliyejifunzia kazi mtaani bila chuo, akashika ufundi kwa miaka mingi, ajue kwamba VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Basi kuna watu wawili wanaokutana njiani: mmoja ana cheti na atafuta mikono, mwingine ana mikono na atafuta cheti. Wote wawili wana safari ya kwenda, na hakuna aliye na sababu ya kumcheka mwenziwe.

Msimu ujao wa pamba utakapofunguliwa, mizani zitatundikwa vijijini mwa Itilima na Maswa kama zilivyotundikwa zamani. Karibu na kila mizani kutakuwa na mtu anayeandika. Twatamani pembeni yake awepo kijana mmoja, mwenye daftari lake, anayeuliza kwa nini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani yuko chuoni, na fildi yake itaanza mwezi gani? Je, barua zimekwisha andikwa?

2. Tutaje mahali patano, pasipo mbali na kwetu, ambapo kijana wetu aweza kujifunza kazi aliyosomea. Ni nani kati yetu amjuaye mtu wa kuuliza hapo?

3. Nauli, chakula na viatu vya kazi vitagharimu kiasi gani, nasi tutaanza kuweka lini?

4. Ikiwa sisi wenyewe ni mafundi, wenye duka au wakuu wa ofisi, mwaka jana tulimfundisha kijana gani, naye aliondoka akijua nini?

5. Binti yetu au kijana wetu akipatwa na jambo baya kazini, je, ana hakika kwamba ataweza kutuambia?